Jumatano ya Faudhia

Kabla ya kuitwa Kijani, Sabiri Semboja aliitwa Fundi Sabiri, na kabla ya hapo, huko Kwamsisi alikozaliwa, aliitwa mwana wa Semboja na basi. Jina la Kijani alilipata mjini Korogwe, mtaa wa Manundu, kwa sababu ya namna alivyoitikia salamu. Mtu akimuuliza ameamkaje, hakujibu salama wala mzima. Alijibu, "Kijani." Siku nyingine aliongeza, "Kijani, isipokuwa viwili," kisha akaenda zake amekunja uso, kana kwamba hivyo viwili ni watoto aliowaacha na homa.

Majirani walihangaika sana kuielewa salamu hiyo. Katibu wa tawi la chama ndiye aliyejiona ameielewa kuliko wote. Alimfuata barazani na fulana mbili mkononi, akamuuliza anavaa saizi gani.

"Mzee wangu, mapenzi ya namna hii siku hizi ni adimu," alisema katibu. "Kila asubuhi unatutangazia rangi yetu bila hata kununuliwa soda."

"Mwanangu, mimi nazungumzia mashine."

"Hata mashine zikiwa za kijani, sisi hatukatai."

Sabiri alizipokea fulana kwa adabu, na jina likabaki.

Mashine zenyewe zilikuwa tatu, zimepangwa juu ya meza ya mbao katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mzee Chimanlal, katikati ya mji. Zilikaa humo, nyuma ya majora ya vitenge, kwa sababu mzee Chimanlal alikuwa na jenereta na hakuwa na choyo. Kazi ya Sabiri ilikuwa hii. Kompyuta nyingi za shule za Handeni na Korogwe ni kuukuu, za msaada, na haziwezi kubeba mifumo mizito ya kuendeshea kompyuta inayouzwa madukani. Kwa hiyo watu wa kujitolea, wengine wa Mwanza, wengine wa Kisumu, wengi wao wasiowahi kuonana ana kwa ana, waliunda mfumo wao wa Linux unaozungumza Kiswahili, wakauita Lwengera kwa jina la mto wa hapa Korogwe. Mfumo kama huo si kitu kimoja. Ni programu nyingi ndogondogo, na kila moja hufungwa katika kifurushi chake: cha kuandikia barua, cha kuchapia, cha kuchorea ramani. Kila kifurushi kina mtunzaji, ambaye jina lake na anwani yake vimeandikwa juu yake, naye ndiye anayeulizwa kikiharibika.

Mtunzaji huandika programu yake kwa maandishi ambayo binadamu mwenzake anaweza kuyasoma. Mashine za Sabiri ndizo zilizoyageuza maandishi hayo kuwa kitu ambacho kompyuta ya shuleni inaweza kukiendesha, nazo zilifanya hivyo zenyewe bila kuamriwa. Mtu wa Kisumu akibadilisha mstari mmoja, mashine ya Korogwe iliona. Ilifungua ndani yake chumba kitupu kisicho na uchafu wowote wa jana, ikaingiza humo vile tu vinavyohitajika, ikajenga kifurushi, ikakipima, kisha ikakibomoa chumba. Kifurushi kikijengeka, jina lake kwenye ubao wa matokeo, kwenye kioo cha kompyuta, lilikuwa la kijani. Kikishindikana, lilikuwa jekundu. Sabiri ndiye aliyeutunza mtambo huo wote wa kujenga. Kila alfajiri baada ya swala aliutazama ubao kwenye simu yake kabla hajatazama kitu kingine chochote, na ndiyo maana salamu za asubuhi zilimkuta na rangi mdomoni.

Kati ya vifurushi vyote hivyo, kimoja kilikuwa cha binti yake.

Faudhia alikuwa mtoto pekee wa Sabiri na mkewe Mashavu, naye alizaliwa na selimundu. Maumivu yalikuwa yakimshika mifupa bila taarifa, na siku alizokosa shule zilikuwa nyingi. Siku hizo Sabiri alimbeba hadi dukani kwa mzee Chimanlal, akamtandikia mkeka kati ya majora, akampa kompyuta ndogo ili asahau kidogo. Akiwa hapo ndipo alipojifunza kuandika programu, na hapo ndipo alipopata rafiki, Ruchi, mjukuu wa mzee Chimanlal, aliyelingana naye umri. Faudhia alipomaliza sekondari, aliunda programu ya kupanga ratiba za shule. Alikuwa amemwona mwalimu wake wa taaluma, kila Januari, akihangaika juma zima na karatasi la manila, penseli na kifutio, akijaribu kuwagawa walimu wachache kwa madarasa mengi. Programu yake iliifanya kazi hiyo kabla chai haijapoa. Aliiita Vipindi, na walimu wa taaluma waliipenda kuliko kitu kingine chochote kilichomo ndani ya Lwengera.

Mabadiliko ya mwisho aliyafanya Jumatano, tarehe 9 Machi 2022, akiwa kitandani nyumbani. Kila mtunzaji anapobadilisha kifurushi huandika juu yake maelezo mafupi na tarehe. Faudhia aliandika: "Kipindi cha dini kisigongane tena na chakula cha mchana. Samahani kwa waliokaa na njaa." Siku hiyo alikunywa uji wa ulezi, akalalamika kwamba hauna ndimu, akamcheka baba yake kwa kuvaa soksi zisizofanana. Alhamisi akazidiwa. Ijumaa alfajiri akafariki, na alasiri yake akazikwa Kwamsisi.

Baada ya arobaini, Mashavu aligawa nguo zake, kama ilivyo desturi. Gauni zilikwenda kwa binamu zake, mitandio kwa wasichana wa madrasa. Sabiri aliporudi jioni, kabati lilikuwa tupu.

"Hukuacha hata kimoja?" aliuliza.

"Niache nini? Viatu vikae hapo uvunguni, kila nikifagia nivione? Mimi siwezi, Baba Faudhia."

Moyoni Sabiri alimwona mkewe ni mtu mwenye haraka, na kwa muda mrefu hakumsamehe haraka hiyo. Yeye alikuwa na mahali pake pa kumweka mtoto.

Mahali hapo palitokana na kanuni moja ya kazi yake. Ili kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyepenyeza kitu kibaya ndani ya kifurushi, mashine mbili tofauti hukijenga kifurushi kilekile, kisha matokeo yake hulinganishwa, nayo lazima yafanane hadi chembe ya mwisho. Lakini programu nyingi zina tabia ya kujiandikia ndani yake tarehe ya kujengwa kwake, na tarehe zikitofautiana, matokeo nayo hutofautiana. Dawa yake ni kuidanganya saa. Mashine ifunguapo kile chumba kitupu, humtangazia kila aliye ndani yake kwamba leo ni siku ileile ambayo mtunzaji aliandika maelezo yake ya mwisho. Sabiri mwenyewe ndiye aliyeiweka kanuni hiyo, miaka mingi kabla ya msiba, wala hakuwa ameifikiria tena, hadi siku moja baada ya maziko alipokuwa akipekua taarifa za ujenzi akakuta mstari wa kwanza wa taarifa ya Vipindi: Leo ni Jumatano, tarehe 9 Machi 2022.

Aliusoma mara nyingi. Ndani ya chumba kile ilikuwa Jumatano, na Jumatano Faudhia alikuwa hai, anadai ndimu.

Tangu hapo, kila Ijumaa akitoka msikitini, alipitia dukani akaiamuru mashine iijenge Vipindi upya, ingawa hakuna kilichobadilika. Chumba kilifunguka, mstari ulitokea, na Sabiri aliketi mbele ya kioo mikono magotini, kama mtu aliyeingia kumjulia mgonjwa hali. Ujenzi haukuchukua muda mrefu. Ukiisha, mashine ilikibomoa chumba, na nje ilikuwa Ijumaa.

Hali iliendelea hivyo hadi mwaka jana, Lwengera ilipoandaliwa toleo jipya. Kwa ajili ya toleo hilo ilibidi kubadilisha kompaila, yaani ile programu inayoyageuza maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine, na hiyo mpya ilikuwa kali kuliko ya zamani. Mambo ambayo ile ya zamani iliyavumilia, hii mpya iliyakataa. Vifurushi kadhaa viligeuka vyekundu, na Vipindi ikiwemo. Sabiri aliisoma, akaona kilichohitajika ni kurekebisha mistari miwili tu. Lakini kuirekebisha mistari hiyo kulimaanisha kuandika maelezo mapya juu ya yale ya Faudhia, na maelezo mapya yangekuja na tarehe yake. Chumba kisingefunguka tena katika ile Jumatano.

Akafanya jambo ambalo angemkemea mtu mwingine yeyote kwa kulifanya. Aliuhifadhi pembeni mfano wa chumba cha toleo la zamani, chenye kompaila ya zamani na vikorombwezo vyake vyote vya zamani, akaiagiza mashine kwamba kifurushi hiki kimoja kijengewe humo. Ubao ukawa wa kijani kuanzia juu hadi chini. Alfajiri iliyofuata jirani alimwamkia, na alipojibu "Kijani," aliona haya, akageuza uso.

Toleo jipya lilipelekwa mashuleni mwezi wa Desemba. Shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu mmoja alimpigia simu kutoka Mkata. Aliitwa Habakuki, mwalimu wa taaluma wa sekondari moja ya huko, kijana mchangamfu ambaye Sabiri aliwahi kumsaidia mara mbili tatu kwa simu na ambaye alimjua kwa jina la mtaani tu.

"Shikamoo, Mzee Kijani."

"Marahaba, mwalimu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, ila kumekuwa soko, mzee. Nimeweka hilo toleo jipya, nikaingiza walimu na masomo kama kila mwaka, nikachapa ratiba, nikaibandika ukutani. Leo kipindi cha kwanza walimu watatu wa Hisabati wamekutana mlangoni pa Kidato cha Pili, kila mmoja na chaki yake. Kidato cha Kwanza hawana hata wa kuwaambia wanyamaze. Na mwalimu Grasiana kapangiwa Kemia Jumapili, saa nane usiku."

"Grasiana mwenyewe anasemaje?"

"Anasema atakuja, ila mkuu wa shule amwandalie chai na amsindikize kurudi."

Sabiri alicheka, lakini kicheko hakikumaliza safari. Alikwisha kuelewa. Programu iliyojengwa katika chumba cha zamani ilikuwa ikizungumza na mfumo mpya kwa hesabu za zamani. Iliagiza siku ya kwanza, ikapewa ya saba. Kosa halikuwa la mwalimu wala la kompyuta yake. Lilikuwa la ile Jumatano.

"Nitalishughulikia, mwalimu. Si kosa lako."

"Najua si langu. Uniwie radhi, mzee, lakini mimi namlaumu huyo binti, huyo Faudhia Sabiri aliyeandikwa kwenye programu. Nimemwandikia barua pepe hadi nimechoka. Mwanzo nilimwandikia kumshukuru, kimya. Nikamwomba atuongezee vipindi vya Jumamosi kwa Kidato cha Nne, kimya. Juzi nimemwandikia kwamba ratiba imevurugika, kimya vilevile. Nimewaambia wenzangu hapa ofisini, mtu akishapata jina, sisi wa Mkata ni akina nani? Pengine yuko Dar anapigwa na kiyoyozi, anasoma barua zetu anacheka."

Sabiri alikuwa amesimama nje ya duka. Alishika nguzo ya baraza.

"Haloo? Mzee, upo?"

"Nipo, mwalimu. Jumatatu nitakuja huko mwenyewe."

"Usijisumbue, mzee wangu! Umbali wote huo kwa ajili ya ratiba?"

"Nitakuja," alisema Sabiri, akakata simu.

Siku ya maziko, pale Kwamsisi, kabla jeneza halijaswaliwa, Sabiri alikuwa amesimama mbele ya watu akasema maneno ambayo kila mfiwa huyasema: kama kuna anayemdai marehemu, au aliyekosewa naye, ajitokeze amdai yeye baba yake, au amsamehe. Watu waliitikia kwamba wamemsamehe. Hakujitokeza yeyote. Katika huzuni ile yote, hilo lilikuwa jambo moja lililompa nafuu, kwamba mwanawe ameondoka bila kinyongo cha mtu. Na sasa, kwa miaka karibu mitatu, yeye mwenyewe alikuwa akimkusanyia vinyongo.

Ijumaa alipotoka msikitini hakuiamuru mashine ijenge kitu. Alifungua sanduku la barua pepe la Faudhia, ambalo hakuwa amethubutu kulifungua tangu afariki. Nyingi kati ya barua zilitoka kwa mashine yake mwenyewe, moja kwa kila Ijumaa, kwa maneno ambayo aliyatunga zamani kwa mkono wake: "Ndugu Faudhia, kifurushi chako kimejengwa salama." Katikati ya hizo zilikuwamo za walimu, wa Mkata, wa Mazinde, wa Kabuku. Zilianza kwa shukrani na heshima. Baadaye zilifupika. Mwalimu mmoja wa Mazinde alikuwa ameandika mara ya mwisho, "Hata kama una shughuli nyingi, neno moja tu lingetutosha." Sabiri alizijibu zote, moja baada ya nyingine, kwa jina lake, akaeleza kilichotokea. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye vidole, akawa anavifuta kwenye kanzu ili vitufe visilowe.

Jumatatu alipanda basi hadi Segera, akabadilisha, akashuka Mkata mahali wanapouzia mihogo ya kuchoma kando ya lami, akatembea hadi shuleni. Ofisi ya walimu ilikuwa na meza zilizosongamana na dirisha moja lisilo na kioo. Habakuki alikuwa amelala kifudifudi juu ya karatasi la manila, penseli sikioni.

"Karibu, Mzee Kijani! Unatuona tulivyorudi enzi za mababu? Nimemaliza kifutio cha shule nzima." Aligeuka kwa wenzake. "Jamani, huyu ndiye yule mtaalamu wetu. Amekuja kumsafishia yule dada uchafu wake."

Sabiri aliketi kwenye kiti alichopewa, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mwalimu, yule Faudhia Sabiri ni binti yangu. Sabiri ni mimi."

Habakuki alijichekesha kwa fedheha. "Aa, mzee! Ungeniambia kwenye simu, nisingemsema namna ile. Basi mwambie na yeye atukumbuke kidogo sisi wa porini."

"Hakukujibu kwa sababu alikwisha kufariki. Barua yako ya kwanza ilipofika, alikuwa tayari yuko kaburini. Jina lake nililiacha mimi pale juu, nikaliacha liendelee kupokea barua. Wewe huna kosa, ulibisha hodi kwenye mlango wenye jina la mtu."

Habakuki alitoa penseli sikioni, akawa hajui aiweke wapi.

"Kwetu sisi," aliendelea Sabiri, "maiti haizikwi kabla ya kuuliza kama kuna aliyekosewa. Niliuliza, mbele za watu, ila wewe hukuwepo. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza sasa. Kama una neno naye, nidai mimi."

"Mzee wangu," Habakuki alisema, "mimi ndiye niliyemkosea. Nimemsengenya mbele ya hawa wote." Akawageukia. "Walimu wenzangu, mlinisikia nikisema yule dada ana maringo. Nilisema uongo. Nifutieni."

Mwanamke mmoja mnene alinyanyuka kwenye meza ya pembeni, akamsogezea Sabiri kikombe cha chai. Huyo ndiye aliyekuwa Grasiana wa Kemia.

"Pole, baba," alisema. "Kunywa kwanza. Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemuuliza Sabiri swali hilo, kwa sababu watu wote wa Manundu walimjua Faudhia. Alifungua kinywa amweleze. Alitaka kusema juu ya akili yake, na subira yake, na jinsi alivyokuwa akitania hata mifupa ikimuuma. Kilichotoka ni kimoja tu.

"Alikuwa hapendi uji usio na ndimu," alisema, akajifunika uso kwa kofia. Walimu waliangalia chini, kila mmoja na daftari lake, mpaka alipomaliza kulia.

Jumanne asubuhi alipofika dukani, Ruchi alikuwa amemtangulia katika chumba cha nyuma. Siku hizi Ruchi ndiye aliyekuwa msimamizi wa matoleo yote ya Lwengera, mwenye kauli ya mwisho juu ya kipi kitoke na kipi kisubiri. Alikuwa ameketi juu ya jora la kitenge, mikono kifuani.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza habari za kile chumba."

"Nilikiona tangu mwezi wa nane," alisema Ruchi. "Nikasema, anko atakiondoa mwenyewe. Ilipofika Desemba nilipaswa kulizuia toleo, na nilijua napaswa. Sikuzuia. Na mimi pia nilikuwa nikiingia kuusoma ule mstari, anko. Siku nyingine nilikuwa nakuja tu kuusoma."

Sabiri alimtazama. Hakuwa amefikiria kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiingia humo.

"Nipe mimi niandike," Ruchi alisema. "Ni mistari miwili. Weka jina langu, wewe kaa nje na babu."

"Hapana. Mimi ndiye niliyemwacha mlangoni akipokea maneno ya watu. Mimi ndiye wa kumtoa."

Aliketi. Mistari miwili aliirekebisha upesi, kwa kuwa aliijua kwa moyo tangu mwaka jana. Kisha akafungua mahali pa maelezo. Maelezo mapya huandikwa juu ya yale ya zamani, na ya zamani hushuka chini. Aliandika: "Imerekebishwa ili ikubaliane na kompaila mpya. Walimu waliovurugiwa ratiba watuwie radhi." Akasita. Akaongeza, "Mtunzaji wa kifurushi hiki, Faudhia binti Sabiri, alifariki tarehe 11 Machi 2022. Kuanzia sasa anayeulizwa ni baba yake." Tarehe hakuiandika yeye. Mashine iliijaza yenyewe, kama inavyofanya kwa kila mtu.

Alituma. Mashine iliona, ikafungua chumba kipya kitupu, na mstari wa kwanza ukatokea: Leo ni Jumanne, tarehe 21 Januari 2025. Ruchi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aligeukia ukutani akaficha uso kwenye majora. Sabiri aliendelea kutazama hadi jina la Vipindi lilipogeuka kijani. Halafu akaiondoa ile amri ya pembeni na kukifuta chumba cha zamani chote. Mashine ilimuuliza kama ana hakika. Alijibu ndiyo.

Angeweza, kama angetaka, kuyachukua maandishi ya zamani akayajenga kando kwa siri, na saa ingedanganyika kama kawaida. Njia aliijua. Lakini kifurushi hicho kisingekwenda kwa mwalimu yeyote wala kuingia katika shule yoyote. Faudhia angekuwa humo peke yake, na Sabiri hakutaka mtoto wake akae mahali peke yake.

Mzee Chimanlal alichungulia kutoka dukani, mita ya kupimia vitambaa mkononi.

"Sabiri, mashine zako zimenyamaza au masikio yangu ndiyo yamekufa?"

"Zimemaliza, mzee."

Mzee aliwatazama wote wawili, akalifunga pazia taratibu, akarudi kwa wateja.

Sabiri alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mashavu alikuwa jikoni uani, amepasua nazi na kuviweka vizio vyake kwenye ungo, kando ya mbuzi ya kukunia.

"Leo umewahi," alisema.

"Nimelitoa jina lake kwenye Vipindi. Nimeandika kwamba amefariki."

Mashavu alitua kisu. "Umeandika kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Aliyatazama maji ya nazi kwenye kikombe. Aliposema, hakumtazama mumewe.

"Siku ile nilipogawa zile nguo, ulikuwa wapi?"

"Dukani kwa mzee Chimanlal."

"Najua. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kunishikia mfuko tu. Mkono mmoja nashika mfuko, mkono mmoja nakunja gauni, linateleza, naokota, linateleza. Nikasema, mwenyewe atakuja. Nikakaa pale sakafuni nikakusubiri mpaka adhuhuri ikapita."

Neno la Sabiri lilikuwa moja, nalo lilikuwa limechelewa karibu miaka mitatu.

"Nisamehe, Mama Faudhia."

Mashavu alijifuta uso kwa pembe ya khanga, akainuka, akaenda kutia udhu, kwa kuwa alasiri ilikuwa imeingia. Alipopita karibu naye, alimshika bega, akaliachia, akaingia ndani.

Sabiri alibaki uani. Baadaye aliikalia mbuzi, akakamata kizio cha kwanza, akaanza kukuna taratibu, akikizungusha ili kisiliwe upande mmoja. Alipouona weusi wa ganda umekaribia aliacha, akachukua cha pili. Akatia maji ya uvuguvugu, akakamua kwa mikono miwili, akachuja tui zito kwenye bakuli lake na jepesi kwenye bakuli lake. Machicha akawarushia kuku. Kisha akayafunika mabakuli yote mawili kwa sahani ili inzi wasiingie, akayasogeza kivulini.